Jinsi ya kujua niuroni ya modeli ya lugha inawaka kwa nini: mwongozo kamili kwa mwenye laptopu ya kawaida Uganda

Modeli ya lugha ni programu inayotabiri neno linalofuata, na niuroni ni kijisehemu chake kinachotoa namba kwa kila kipande cha neno; namba ikiwa kubwa tunasema imewaka. Wengi wanaoingia kwenye kazi ya kuzisoma niuroni hizo huanza kwa kufungua orodha ya sentensi kumi zilizoiwasha niuroni fulani kuliko sentensi nyingine zote. Wanaona neno linalojirudia, wanaipa niuroni jina, basi. Jina hilo aghalabu ni nusu ya ukweli. Mwongozo huu unakwenda kinyume: kutafuta jina ni kazi ya saa moja, kulijaribu mpaka lianguke au lisimame ndiyo kazi yenyewe.

Naandika kwa ajili ya mwanafunzi au mtengenezaji wa programu aliyeko Kampala, Gulu, Arua au Busia, anayejua Python kidogo, mwenye bando la kuhesabu na umeme usioaminika. Nadhani pia unajua Kiswahili na lugha nyingine moja ya nyumbani, na huo ni mtaji mkubwa kuliko kompyuta ya bei. Sehemu kubwa ya kazi iliyochapishwa kuhusu niuroni imefanywa kwa Kiingereza, lugha isiyo na ngeli wala viambishi vingi kama vyetu. Yako maswali ambayo mtu asiyejua tofauti ya "kitabu hiki" na "kiongozi huyu" hawezi hata kuyauliza.

Niuroni tunayoizungumzia ni ipi

Modeli za aina ya transfoma, muundo wa modeli nyingi za lugha za leo, zimepangwa kwa matabaka. Ndani ya kila tabaka mna sehemu mbili. Ya kwanza huchota habari kutoka kwenye maneno yaliyotangulia. Ya pili ni mtandao mdogo unaoshughulikia kila tokeni (neno, au kipande cha neno, ambacho modeli hukisoma kama kitu kimoja) peke yake, na niuroni zetu zimo humo. Tokeni ikipita, kila niuroni hutoa namba moja. Namba ikiwa kubwa tunasema niuroni imewaka, ikiwa karibu na sifuri tunasema imelala.

Kila niuroni ina uzito (safu ya namba modeli ilizojifunza) wa kuingilia, unaoamua inasikiliza nini, na uzito wa kutokea, unaoamua inaandika nini kwenye mkondo unaoelekea matabaka ya juu. Shika pande hizo mbili. Makosa mengi ninayoyaona hutokana na mtu kuangalia upande wa kusikiliza tu na kusahau kwamba niuroni pia inasema kitu.

Kwa ukubwa: GPT-2 ndogo ya mwaka 2019 ina matabaka 12 yenye niuroni 3,072 kila moja, jumla 36,864. BLOOM-560m ina matabaka 24 yenye niuroni 4,096, jumla 98,304. Hizo ni modeli ndogo kwa viwango vya leo.

Hatua ya 1: chagua modeli inayojua lugha yako

GPT-2 ni nzuri kwa kujifunzia mikono. Ukifungua Neuronpedia kwenye kivinjari unaweza kuangalia niuroni zake bila kusakinisha chochote, na kwa mazoezi ya awali sina la kuongeza. Lakini walioitengeneza walichuja kwa makusudi kurasa zisizo za Kiingereza. Ukiipa Kiswahili itakikatakata vipande vidogo visivyo na maana, na niuroni utakazoziona zikiwaka zitakuwa zinahangaika na herufi.

Kwa kazi ya Kiswahili mimi hupendekeza BLOOM-560m. Ilitoka Julai 2022, mwezi ule ule Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, sadfa tu lakini inanifurahisha. BLOOM ilifundishwa kwa lugha 46 za binadamu, Kiswahili na Kiganda zikiwemo. Usitarajie makubwa: Kiswahili ni takriban asilimia 0.02 ya matini yake, na Kiganda ni kidogo zaidi kwa mbali. Ndiyo kusema niuroni ya mambo ya Kiswahili inaweza kupatikana, ila niuroni ya mambo ya Kiganda pekee ni ya kutafuta kwa tochi.

Faili la uzito ni kama GB 1.1. Lipakue mara moja kwa bando la usiku au kwa Wi-Fi ya chuo, weka nakala kwenye flashi, mpe na mwenzako. Likishakuwa kwenye diski huhitaji intaneti tena. Ukilifungua kwa namba za biti 32 litakula karibu GB 2.2 za RAM, kwa hiyo laptopu ya GB 8 inatosha. Google Colab ya bure (kompyuta ya Google unayoitumia kupitia kivinjari) inaharakisha kazi, ila vikao vyake hukatika. Iwe Colab au nyumbani, andika matokeo kwenye faili kila baada ya sentensi mia. Umeme ukiondoka utaendelea ulipoishia.

Hatua ya 2: kusanya matini ya namna nyingi

Mwaka 2021 Bolukbasi na wenzake walionyesha, kwa modeli ya BERT, kwamba niuroni moja inaweza kuonekana ina maana moja safi kwenye seti fulani ya matini, na maana nyingine safi vilevile kwenye seti nyingine. Mtafiti hakukosea hesabu. Seti ya matini ndiyo iliyomchagulia jibu.

Kwetu hatari hii ni kubwa, kwa kuwa matini nyingi za lugha za Kiafrika zilizoko mtandaoni ni za dini au za habari. Ukitumia Biblia peke yake, kila niuroni ya pili itakuwa na harufu ya uchungaji. Changanya: makala za Wikipedia ya Kiswahili, habari, mazungumzo, mapishi, tangazo la duka, ujumbe wa simu. Andika na mwenyewe sentensi za Kiswahili kinavyosemwa kwenye miji ya mpakani kama Bwera au Malaba, kwa sababu hicho hakimo kwenye vitabu.

Ongeza FLORES-200. Sentensi zake 2,009 zilizo wazi kwa umma zimetafsiriwa kwa lugha nyingi, zikiwemo Kiingereza, Kiswahili na Kiganda, kwa hiyo unapata maana ile ile kwa sura tatu. Kwa lugha zaidi za nchini, Sunbird AI ya hapa Kampala ilitoa seti ya SALT yenye sentensi sambamba za Kiganda, Kiacholi, Kilugbara, Kiteso na Kinyankole. Kumbuka tu kwamba nyingi kati ya hizo BLOOM haikufundishwa, na matokeo yasome hivyo.

Kabla ya jambo lingine lolote, gawa matini yako nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ni ya kutafutia. Ya pili ifungie na usiiguse mpaka ufike hatua ya 4, ya kuhakikisha. Sababu utaiona punde.

Hatua ya 3: nasa namba

Msimbo wenyewe ni mfupi. Unaweka ndoano kwenye tabaka unalolitaka, sentensi inapita, namba zinabaki kwenye kapu.

```python
import torch
from transformers import AutoTokenizer, AutoModelForCausalLM

jina = "bigscience/bloom-560m"
tok = AutoTokenizer.from_pretrained(jina)
modeli = AutoModelForCausalLM.from_pretrained(jina).float().eval()

tabaka = 14
kapu = {}

def nasa(moduli, ingizo, tokeo):
    kapu["a"] = tokeo.detach()

ndoano = modeli.transformer.h[tabaka].mlp.gelu_impl.register_forward_hook(nasa)

def soma(sentensi, n):
    ids = tok(sentensi, return_tensors="pt")
    with torch.no_grad():
        modeli(**ids)
    vipande = [tok.decode([i]) for i in ids["input_ids"][0].tolist()]
    return list(zip(vipande, kapu["a"][0, :, n].tolist()))
```

Ukiandika `soma("Watoto wamekaa darasani.", 200)` utapata kila tokeni na namba ya niuroni ya 200 kwenye tabaka la 14 (kumbuka matabaka na niuroni huhesabiwa kuanzia sifuri). Kwa GPT-2 sehemu ya kuweka ndoano ni `mlp.act` badala ya `mlp.gelu_impl`; badilisha pia jina la modeli, na namba ya tabaka isizidi 11. Mengine ya msimbo huu ni yale yale.

Mambo matatu ya kuangalia hapa. Kwanza, chapisha tokeni zenyewe uone neno limekatwa wapi. Neno moja la Kiswahili linaweza kuwa tokeni moja au nne, na unachosoma kwa kawaida ni namba ya tokeni ya mwisho wa neno, pale modeli inapokuwa imeshaliona lote. Pili, tupa tokeni ya kwanza ya kila sentensi kwenye hesabu zako. Ina tabia zake za ajabu zinazotokana na nafasi, wala si maana. Tatu, modeli hizi husoma kuelekea mbele tu. Ikiwa kwenye "wamekaa" haijui kwamba "darasani" linakuja. Niuroni ikiwaka kwenye "wamekaa", sababu iko nyuma yake, au iko kwenye kile modeli inachokitarajia.

Usijaribu kuhifadhi kila kitu. Tokeni 100,000 kwa niuroni zote 98,304, hata kwa namba za biti 16, ni karibu GB 20. Tabaka moja ni kama MB 820, hilo linabebeka. Fanya tabaka moja kwa wakati mmoja.

Hatua ya 4: chagua niuroni kwa swali

Kupekua niuroni moja baada ya nyingine ukitumaini kukutana na ya kuvutia ni kupoteza betri. Anza na swali lenye pande mbili: sentensi za mahali dhidi ya zisizo za mahali, Kiswahili dhidi ya Kiingereza, wingi dhidi ya umoja. Kwa kila niuroni tafuta wastani wa kuwaka kwenye kila kundi, gawa tofauti yao kwa mtawanyiko, panga kutoka juu kwenda chini, chukua thelathini za kwanza.

Hapa ndipo watu hujidanganya, na hesabu yake inafaa kuonekana. Tuseme una sentensi 5 za kundi la kwanza na 5 za kundi la pili. Uwezekano wa niuroni isiyojua lolote kuwa juu zaidi kwenye zote 5 za kundi la kwanza, kwa bahati tu, ni 1 kati ya 252. Inaonekana ndogo. Lakini una niuroni 98,304, na ukizidisha unapata karibu 390. Niuroni 390 zitakazotenganisha makundi yako bila kosa hata moja, na hakuna iliyo na habari na swali lako! Kwa sentensi 10 kwa 10 idadi hiyo inashuka mpaka chini ya moja. Kwa hiyo tumia makumi ya sentensi kila upande, kisha fungua ile nusu ya matini uliyoificha. Niuroni inayoshika kwenye nusu zote mbili ndiyo ya kuhangaika nayo.

Kuhusu matabaka: ya chini hushughulika zaidi na kuunganisha vipande kuwa maneno, ya kati hubeba mada na muktadha, ya mwisho hushughulika na neno linalofuata. Ni mwelekeo tu, si sheria. Utafiti wa mwaka 2024 uliofanywa kwa modeli za familia za Llama 2 na BLOOM ulikuta niuroni zinazofungamana na lugha moja moja zimejaa zaidi kwenye matabaka ya chini kabisa na ya juu kabisa. Kama unatafuta niuroni ya Kiswahili, hujui pa kuanzia, anzia huko.

Hatua ya 5: soma ngazi zote, usikae kileleni

Panga tokeni zote kwa namba ya kuwaka. Chukua kumi za juu kabisa, kumi nyingine kutoka juu kidogo ya asilimia 99 (yaani zinazozidi asilimia 99 ya tokeni zote kwa kuwaka), kumi kutoka asilimia 95, kumi kutoka katikati. Zisome zote na muktadha wake, maneno kama kumi na tano ya nyuma. Kileleni unaweza kukuta majina ya miji peke yake. Ukishuka ngazi moja unakuta "hospitali" na "shule". Ukishuka tena unakuta "jana" na "mwaka". Sasa hiyo ni niuroni ya miji, ya mahali, au ya kitu kinachoweza kufuatwa na jina la pekee au namba? Kilele kisingekwambia.

Kwenye modeli zenye GELU (hesabu inayoamua niuroni iwake kiasi gani) kama hizi, upande hasi hauna mengi, namba haishuki chini ya takriban 0.17 hasi. Modeli mpya za familia ya Llama zinazidisha njia mbili pamoja, hivyo niuroni inaweza kuwaka vikali kwa namba hasi. Huko soma ncha zote mbili, kila moja na maana yake.

Hatua ya 6: andika dhana inayoweza kuanguka

"Inahusu mahali" si dhana, ni kauli ya mtu asiyetaka kukosolewa. "Inawaka kwenye tokeni ya mwisho ya neno lolote linalotaja mahali, liwe na kiambishi -ni au lisiwe nacho" ni dhana, maana tayari naona sentensi itakayoiangusha.

Tuseme niuroni yako imewaka kwenye "darasani", "mjini", "nyumbani" na "sokoni". Kuna mashaka mawili: inasikia mahali, au inasikia herufi "ni" mwishoni. Tengeneza makundi manne.

Mahali pamoja na -ni: "Watoto wamekaa darasani."
Mahali bila -ni: "Watoto wamekaa Jinja."
-ni bila mahali: "Watoto, kaeni."
Hakuna hata kimoja: "Watoto wamekaa kimya."

Andika sentensi ishirini za kila kundi. Kundi la tatu ndilo tamu, Kiswahili kinakupa silaha nyingi: amri kwa wengi kama "njooni" na "someni", nomino kama "sabuni", "imani", "thamani", na maneno ya wakati kama "jioni" na "mwakani". Ikiwaka kwenye "sabuni", kwaheri mahali. Ikiwaka kwenye "mwakani" lakini si kwenye "sabuni", una jambo la kufikirisha: huenda inashika mahali na wakati pamoja, na hapo dhana inaandikwa upya na makundi yanatengenezwa upya. Ikinyamaza kwenye "Jinja" lakini ikawaka kwenye "mjini", inafuata kiambishi chenye maana ya mahali, wala si mahali pote.

Mtu wa Kiingereza pekee angeweza kuzunguka mwezi mzima bila kufikia kundi hilo la tatu.

Hatua ya 7: uliza kama inasikia au inatabiri

Mwaka 2023 Joseph Miller na Clement Neo walichapisha kisa cha niuroni moja ya GPT-2 Large, namba 892 kwenye tabaka la 31. Walikuwa wanatafuta jinsi modeli inavyoamua kuandika "an" badala ya "a" kabla ya neno kama "apple". Waligundua kwamba niuroni hiyo ikiwaka, inasukuma moja kwa moja uwezekano wa "an" kuja. Ukiangalia tu maneno yanayoiwasha utachanganyikiwa, kwa kuwa hayafanani. Kinachofanana ni neno linalofuata.

Sisi tunazo niuroni kama hizo za kutafuta kwenye upatanisho wa ngeli. Chukua niuroni inayowaka kwenye "kitabu", "kisu", "kiti". Je, inasikia umbo la "ki-" mwanzoni, au inaandaa "cha", "hiki", "kile" vitakavyofuata? Maneno ya kukata shauri yapo, nayo yanataja watu: "kiongozi", "kijana", "kipofu". Wana "ki-" lakini tunasema "kiongozi huyu", "kijana yule". Ikiwaka kwao sawasawa na kwenye "kitabu", inasikia umbo. Ikiwanyamazia, inafuata upatanisho. Upande wa pili weka "chakula" na "chumba", ambavyo havina "ki-" ila vinachukua "hiki". Tia na "kilo", inayoanza kwa "ki" na huku tunasema "kilo hii". Maneno sita saba tu, na yanatenganisha dhana mbili kuliko sentensi elfu za Wikipedia.

Njia ya pili ni kuangalia uzito wa kutokea, bila sentensi yoyote. Unauliza: niuroni hii ikiwaka, ni tokeni zipi zinapandishwa?

```python
w = modeli.transformer.h[tabaka].mlp.dense_4h_to_h.weight[:, n]
alama = modeli.lm_head.weight @ (w * modeli.transformer.ln_f.weight)
print([tok.decode([i]) for i in alama.topk(15).indices.tolist()])
```

Hapa `n` ni namba ya niuroni yako. Kwenye matabaka manne matano ya mwisho jibu huwa linasomeka. Kwenye matabaka ya chini utaona takataka, na si kosa lako: niuroni hizo zinaandikia matabaka yaliyo juu yao, haziandikii neno la mwisho.

Hatua ya 8: izime uone

Kuwaka pamoja na jambo si sawa na kulisababisha. Badilisha namba ya niuroni iwe wastani wake (si sifuri, sifuri yenyewe inaweza kuwa hali ambayo modeli haijaizoea), kisha pima uwezekano wa neno unalolisubiri umeshuka kiasi gani.

```python
def zima(moduli, ingizo, tokeo):
    tokeo = tokeo.clone()
    tokeo[:, :, n] = wastani
    return tokeo
```

Weka ndoano hii mahali pale pale pa ile ya kwanza, pitisha "Nimesoma kitabu" na upime logi ya uwezekano wa tokeni inayoanzisha "hiki" au "cha" kabla na baada. Fanya hivyo kwa sentensi zote za makundi yako. Kisha, hili wengi huliruka, zima niuroni hamsini nyingine za tabaka hilo hilo, moja moja, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Yako ikishusha uwezekano kuliko zote hamsini, una la kusema. Ikiwa katikati ya kundi, huna.

Jiandae pia kuona hakuna kilichobadilika. Modeli hurudufu kazi zake, na niuroni moja ikizimwa nyingine hubeba. Jaribu kuzima tano zenye tabia moja kwa pamoja kabla hujaitupa dhana.

Hatua ya 9: mpe mwingine ahukumu

Mei 2023 OpenAI, kampuni iliyounda GPT-2, walitumia modeli yao kubwa GPT-4 kueleza niuroni zote 307,200 za GPT-2 XL. Utaratibu wao ulikuwa: modeli kubwa inaandika maelezo, kisha kwa kutumia maelezo hayo tu inakisia niuroni itawaka wapi, halafu makisio yanalinganishwa na ukweli. Zilizopata alama 0.8 na zaidi, ambapo juu kabisa ni 1, zilikuwa zaidi ya 1,000. Soma namba hizo mbili pamoja na utaelewa kwa nini sina haraka na majina.

Unaweza kufanya toleo la mkono. Chukua vipande 40, nusu vimewasha niuroni kwa ngazi mbalimbali, nusu havikuwasha lakini vinafanana navyo. Vichanganye. Mpe rafiki anayejua Kiswahili vizuri, pamoja na maelezo yako kwa sentensi moja, aweke alama ya ndiyo au hapana. Usikae karibu naye, uso wako utamwambia majibu. Ukimaliza jibu maswali mawili kando kando: kati ya vilivyowaka, maelezo yalivishika vingapi? Na kati ya vile maelezo yalivyovidai, vilivyowaka kweli ni vingapi? Maelezo mapana kupita kiasi hufaulu swali la kwanza na kufeli la pili. Maelezo membamba, kinyume chake.

Kutumia modeli kubwa ikuandikie rasimu ya maelezo ni sawa, inaokoa muda. Ila nimeona zikipewa mifano ya Kiswahili hukimbilia mada (siasa, dini, chakula) na kupita viambishi kana kwamba havipo. Hukumu iwe ya mtu.

Niuroni isiyokubali jina

Nyingi zitakataa. Utakuta inayowaka kwa majina ya dawa, kwa mabano ya hesabu na kwa vitenzi vya kutendwa, bila uhusiano wowote unaoonekana, kama kondakta wa Old Taxi Park ya Kampala anayeita abiria wa Masaka na wa Mukono kwa pumzi moja. Sababu inajulikana: modeli inahitaji kushika mambo mengi kuliko niuroni ilizonazo, na kwa kuwa mambo hayo mara nyingi hayatokei pamoja, inayapandisha kwenye niuroni zile zile. Kampuni ya Anthropic walieleza jinsi hilo linavyotokea mwaka 2022 kwa kutumia modeli ndogo za kuchezea.

Usilazimishe jina. Andika "kazi nyingi", taja tatu ulizoziona, endelea.

Ukitaka kusonga mbele, unafundisha mtandao mwingine mdogo unaozipanua niuroni za tabaka moja kuwa vipengele vingi zaidi, kwa sharti kwamba vichache tu viwake kwa wakati mmoja. Oktoba 2023 Anthropic walichukua modeli ya tabaka moja yenye niuroni 512 wakapata vipengele zaidi ya 4,000, vingi vikisomeka kuliko niuroni zenyewe. Mei 2024 walitumia njia kama hiyo kwa modeli yao kubwa, Claude 3 Sonnet, wakapata kwa mamilioni, kimojawapo cha daraja la Golden Gate la San Francisco: kiliwaka daraja lilipotajwa kwa lugha mbalimbali na hata kwenye picha zake. Kwa tabaka moja la BLOOM-560m kazi hiyo inawezekana kwenye GPU (kadi ya hesabu za kasi) ya Colab, ila inadai matini nyingi kuliko zilizokutosha hatua za mwanzo. Kipengele kikishapatikana, kinapitia hatua zile zile kuanzia ya 5 hadi ya 9. "Sabuni" na "kiongozi" vinakisubiri.

Rekodi ya kuweka

Kwa kila niuroni fungua faili moja la maandishi. Weka: modeli na toleo lake, tabaka, namba, matini uliyotumia na chanzo chake, dhana kwa sentensi moja, wastani wa kuwaka kwa kila kundi la sentensi, matokeo ya kuzima yakiwa pamoja na yale ya niuroni hamsini za kulinganishia, na alama za rafiki yako. Chini kabisa weka sentensi zilizoenda kinyume na dhana, zote, bila kuchagua. Anayepokea faili lako huko Mbale au Dodoma ataanza kusomea hapo, na wewe mwenyewe ukirudi baada ya mwezi utaanzia hapo hapo.